Mbwa wa Mwadhini wa Changamwe

Juzi nilikuwa nimekaa nje ya duka la mjukuu wangu hapa Port Reitz, nikaona kijana mwenye sare ya ulinzi akiburutwa na mbwa. Ndiyo, akiburutwa. Mbwa mbele, mnyororo umekazika, kijana nyuma amejipinda kama mvuvi anayevuta wavu wa jarife. Alipofika kwangu akasema, huku anahema, "Shikamoo babu, namfanyisha mazoezi." Nikamwitikia marahaba, nikajizuia nisimwulize ni nani hasa anayemfanyisha mwenzake mazoezi.

Kijana huyo ndiye aliyenitia kishawishi cha kuandika. Nawaandikia yeye na ninyi wenzake wote mnaoshika mbwa malangoni siku hizi. Mimi naitwa Kahindi. Wazee wa Changamwe wakinitaja husema Kahindi wa Mbwa, na kwa kuwa akina Kahindi tuko wengi, sijawahi kukasirika. Kazi hii nilijifunza kwenye bohari la mafuta, wakati wa Vita vya Pili, siku ambazo barabara yetu ilijaa malori ya jeshi na watu wa matangini waliogopa hata mtu akiwasha kiberiti. Waliajiri walinzi wengi, kisha wakaleta mbwa kutoka mashamba ya bara, mbwa ambao hawakujua Kiswahili wala Kigiriama. Sisi walinzi tuliambiwa tuchague: mbwa au kukesha peke yako. Mimi nilikuwa mwoga wa giza, nikachagua mbwa.

Aliyetufundisha alikuwa mwindaji kutoka Kaloleni, Mzee Baya. Mfupi, mkavu, mtu wa ugoro. Mbwa wake wa kuwindia walitembea ubavuni mwake bila kamba yoyote, wamefungwa njuga shingoni ili ajue walipo wakiingia kichakani. Siku ya kwanza alinitazama nikimvuta mbwa wangu kwa mikono miwili, akauliza kwa upole, "Kahindi, huyo mbwa amekukosea nini?"

"Hataki kuja, mzee."

"Umempa sababu ya kuja?"

Hapo ndipo kazi inapoanzia, wanangu. Sababu. Weka kipande cha chakula mkono wa kushoto, ushushe mkono karibu na paja lako. Mbwa akija hapo, mpe hapo hapo, si mbele ya goti wala nyuma yako. Akivuta, wewe usivute. Geuka, rudi ulikotoka. Akikufuata tena mpaka ubavuni, mpe. Utaonekana mwendawazimu, unaenda unarudi, hufiki popote, na watu watakucheka. Waache wacheke. Mbwa anaanza kuelewa kwamba kila akiwa pale pajani mambo ni mazuri, na kila akitoka hapo safari inavurugika.

Akishaelewa, anza kupunguza kamba. Kwanza mnyororo, halafu kamba ya katani, halafu ugwe mwembamba, halafu uzi wa kushonea nguo. Msicheke. Mzee Baya alitufunga uzi kweli, akatutuma tupite nao sokoni penye kuku na harufu za nyama. Uzi ukikatika, ilikuwa marufuku kumgombeza mbwa. Ulirudi kwenye ugwe, kimya kimya, ukaanza upya. Ukiweza kupita sokoni uzi ukiwa mzima, siku ya pili unautoa, na mbwa hatajua kwamba umetoka.

Nilikuwa hodari mapema, na ndiyo maana nilianguka vibaya. Sisi watu wa pwani tukitafuta kitu chenye harufu hatuendi mbali: papa mkavu. Nilijaza vipande vya papa kwenye mfuko wa kaptula yangu, na mbwa niliyepewa, mwekundu mmoja aliyeitwa Bomu, akawa anatembea nami vizuri ajabu. Nilijiona mfalme. Msimamizi wa bohari akasema atakuja kututazama asubuhi. Usiku wake mke wangu Dama, ambaye alikuwa amevumilia kile kinuko kwa siku nyingi, akaichukua ile kaptula akaifua kwa sabuni, akaianika.

Asubuhi nilisimama mbele ya msimamizi, nikasema, "Twende, Bomu." Bomu akaninusa, akakaa chini, akatazama pembeni kama hatujuani. Na wakati huo huo nje ya lango akapita mchuuzi wa papa na mzegazega wake begani, vikapu viwili vinaning'inia. Jamani! Bomu aliinuka, akatoka langoni, akaenda akajipanga ubavuni mwa yule mchuuzi, pajani kabisa, kichwa juu. Mchuuzi akisimama, Bomu anakaa. Mchuuzi, kwa hofu, akiongeza mwendo, Bomu anaongeza. Kazi safi kabisa, ila mtu hakuwa mimi. Walikwenda hivyo mpaka karibu na Jomvu, mchuuzi analia, "Mchukueni mbwa wenu, nina watoto!" na mimi nyuma nakimbia na kaptula inayonukia sabuni.

Mzee Baya alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Kisha akaniambia maneno ambayo nayasema kila mahali: "Umemfundisha kumfuata papa. Sasa mfundishe kukufuata wewe." Badilisha chakula. Badilisha nguo, viatu, njia. Siku nyingine usimpe chochote ila neno jema. Hata yeye Mzee Baya hakuwa malaika. Mbwa wake walikuwa hawakai chini mpaka mtu apige chafya, kwa sababu kila aliposimama alinusa ugoro, akapiga chafya. Nilipoachiwa wale mbwa, nilizunguka bohari nzima najilazimisha kupiga chafya.

Lakini kisa ninachotaka kuwaeleza hasa ni cha Kaniki.

Kaniki alikuwa jike, mweusi kuanzia pua hadi mkia, ndiyo maana nikamwita hivyo. Aliletwa bohari awe mlinzi, akashindwa. Alitembea ubavuni vizuri kuliko wote, lakini hakuwa na ukali hata chembe. Angemkuta mwizi angemsindikiza mpaka nje na kumtakia safari njema. Msimamizi akasema hana kazi na mbwa wa namna hiyo, na nilijua mbwa wasio na kazi walifanywa nini. Nikamwomba, nikapewa. Dama alipomwona mlangoni alisema, "Kahindi, nyumba hii ina vitanda viwili tu," lakini jioni nilimkuta anampa ukoko wa sima.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa Mzee Shaali, mwadhini wa msikiti wetu. Mimi ni Mkristo wa misheni ya Rabai, lakini nawaambia, sauti ya Mzee Shaali ilikuwa saa yetu sote. Dama alikuwa akiteleka chungu kwa adhana yake. Basi macho yakaanza kumfifia yule mzee, polepole, na katika mwaka mmoja akawa haoni kitu. Mkewe alikwisha kufa. Watoto wa nduguye waliokaa karibu walimletea chakula, na walipaswa kumshika mkono kumpeleka msikitini, lakini watoto ni watoto. Siku moja walimwacha njiani wakaenda kucheza gololi, naye akatumbukia mtaroni akavunjika mbavu.

Tangu siku hiyo alikaa barazani. Adhana ikaitwa na mtu mwingine, mtu mwema, lakini alikuwa na sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Mzee Shaali akiisikia alikuwa anainamisha kichwa. Sijui kama mmewahi kumwona mtu mzima ananyang'anywa kazi yake kila siku mara kadhaa, na yeye yuko pale pale anasikia. Ilikuwa inaniuma kweli.

Kisha akaja bintiye Zuhura kutoka Lamu, alikoolewa. Mwanamke mwenye huruma na ulimi mkali, vyote kwa pamoja. Aliona zile mbavu zilizofungwa akalia, akasema baba atarudi naye Lamu baada ya Idi, akakae chumba cha nyuma, apikiwe, afuliwe, asitoke.

"Chumba cha nyuma," Mzee Shaali aliniambia siku ile, kwa sauti ya chini. "Kahindi, mimi nimezaliwa hapa. Kila jiwe la Changamwe nalijua kwa mguu. Lamu n'tajua nini? Ukuta?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda na Kaniki mpaka barazani kwake, nikasimama mbali, maana nilijua mambo ya mbwa kwa Waislamu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Uko na mbwa. Namsikia anahema."

"Niko naye. Mzee, huyu anaweza kukupeleka msikitini."

Akakusanya upindo wa kanzu yake. Nilidhani nimemtukana. Kisha akasema, "Nitauliza wenye ilimu." Na kweli aliuliza. Alipopata jibu akaniita. Mbwa wa kazi si haramu kuwa naye, akasema. Najisi ni yale majimaji yake: ulimi, pua, mate. Yakimgusa kwenye kanzu, kanzu ioshwe kwa maji na mchanga kama sheria ilivyo, na mpaka aioshe na kubadili, swala imempita. "Sasa niambie, Kahindi, mbwa wako atatembeaje nami bila kunigusa? Na mimi bila kumshika?"

Hapo nikaona shida yangu. Kule bohari tulimfundisha mbwa aegemee goti. Bega lake lishike mguu wako, ndivyo unavyojua yuko hata gizani. Kaniki alikuwa ameshika somo hilo kuliko mbwa yeyote. Sasa nilitakiwa kumfunza kinyume chake: atembee ubavuni, karibu kiasi cha kusikika, mbali kiasi cha kutogusa hata upindo wa kanzu.

Kumfunza mbwa kitu kipya si kazi kubwa. Kumwondolea kitu kizuri ulichompa mwenyewe, hiyo ndiyo kazi. Ukimsukuma atadhani amekosa, atavunjika moyo. Nilifikiri siku kadhaa, kisha nikachukua makuti makavu, nikayachana, nikayafunga kiunoni yakanizunguka mpaka magotini. Yalikuwa yanachoma kidogo na kupiga kelele. Kaniki akisogea sana, makuti yanamkwaruza puani, anajitenga mwenyewe. Akiwa umbali wa mkono ulionyooshwa, namrushia kipande cha muhogo. Sikumgombeza hata mara moja. Makuti ndiyo yaliyomgombeza, na hawezi kuyachukia makuti.

Lakini fikirini nilivyoonekana. Wagiriama mnajua hando, ile sketi ya marinda ya mama zetu. Nilitoka nje na makuti yangu, mwanamume mzima, naenda narudi barabarani na mbwa, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. "Kahindi kavaa hando!" Wanawake walipiga vigelegele. Wenzangu wa bohari waliuliza nitachezwa ngoma ya wari lini. Dama alisimama mlangoni mikono kiunoni, akasema, "Mume wangu, kama ulitaka hando ungeniambia, nikakushonea ya kitambaa." Nilivaa hivyo wiki nyingi. Kila nilipotaka kuacha nilikumbuka kile chumba cha nyuma.

Nilipoona Kaniki ameshika umbali, nikaanza kupunguza makuti kama tulivyopunguza kamba, machache kila mara, mpaka nikawa natembea na suruali yangu ya kawaida na yeye yuko pale pale, mkono mmoja kushoto, hasogei, haachi.

Halafu njuga. Nilimfuata Mzee Baya Kaloleni, nikamweleza, akanipa njuga moja ya mbwa wake wa zamani. Nikamfunga Kaniki shingoni. Mpango ukawa hivi: njuga ikilia, twende, njuga ikinyamaza, simama, kuna kitu. Kaniki nilimfunza asimame na kukaa penye shimo, penye mtaro, na penye ukingo wa barabara ya malori, asivuke mpaka apewe ishara.

Ishara ndiyo iliyotuletea ugomvi. Nilitaka mzee amwambie, "Twende, Kaniki." Mzee Shaali akakataa katakata.

"Sauti hii naitia watu swalani. Siwezi kusemeza mbwa."

"Neno moja tu, Mzee."

"Hata nusu."

Tukaafikiana juu ya bakora. Akigonga chini mara moja, Kaniki anakwenda. Njia yote ilikuwa ya changarawe, bakora ililia vizuri, nami nikaona yamekwisha. Tulianza polepole. Kaniki alikuwa amezoea buti zangu, na mzee alivaa makubadhi na kutembea kwa kujipima, kwa hiyo mwanzo alimtangulia, akageuka kumtazama, akarudi. Nilimwomba mzee atembee tu, asimjali, nami nilitembea nyuma na muhogo wangu. Baada ya muda hatua zao zikaelewana. Wazee wa msikiti walinung'unika kidogo, kisha wakakubali mbwa abaki kwenye jiwe la maili, mbali na uwanja, asubiri pale. Siku za mvua hakwenda kazini, kwa sababu mbwa aliyelowa hujikung'uta na hapo hakuna umbali wa mkono utakaosaidia.

Zuhura aliyatazama haya yote kutoka dirishani, mdomo ameubana. Idi ilipopita alisema wazi, mbele ya babake na mbele yangu: "Haya. Ijumaa hii aende peke yake na arudi peke yake. Akifika, nitarudi Lamu peke yangu, roho imetulia. Asipofika, Jumamosi tunaondoka sote, na sitaki maneno."

"Sawa, mwanangu," akasema Mzee Shaali.

Ijumaa ikafika. Alfajiri ilinyesha, kisha jua likawaka, na Kaniki nilimkausha kwa gunia mpaka akang'aa. Mzee akatoka na kanzu yake nyeupe, akagonga bakora, njuga ikalia, wakaondoka. Mimi na Zuhura tulifuata mbali nyuma. Walipita mtaroni vizuri. Njuga ikanyamaza, mzee akasimama, akapapasa kwa bakora, akavuka.

Walipofika ukingo wa barabara, Kaniki akakaa. Mzee akasimama. Na hapo ukaja msafara wa malori ya jeshi kutoka upande wa bandarini, lori baada ya lori, vumbi na ngurumo, hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Mzee Shaali alisimama wima pale pale, kanzu inapepea. Hakusogea. Alikuwa hasikii njuga, kwa hiyo alisimama, kama tulivyokubaliana.

Malori yakaisha. Kukawa kimya. Mzee akagonga bakora.

Lakini mvua ya alfajiri ilikuwa imelainisha ule ukingo, ukawa matope. Bakora ilizama bila kutoa sauti. Kaniki hakusikia kitu. Alikaa. Mzee akagonga tena, ikazama tena. Akageuza kichwa kushoto, akasikiliza. Hakuna njuga. Uso wake ukabadilika, akaanza kurudisha mguu mmoja nyuma. Nilijua anafikiri mbwa amekimbia malori, na kwamba yuko peke yake kwenye ukingo wa barabara.

Zuhura akaanza kukimbia. Nikamshika buibui.

"Niache! Unataka babangu afe kwa ajili ya mbwa wako?"

"Mama, ngoja kidogo. Tafadhali. Ukimshika leo, umemshika mpaka kaburini."

Alinitazama kwa hasira nisiyoisahau, lakini alisimama. Naye mzee pale ukingoni akainua uso, akavuta pumzi, na kwa sauti ile ile, ile sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu aanguke, akaita:

"Kaniki!"

Kila mtu aliyekuwa barabarani aligeuka. Na njuga ikalia, pale pale, umbali wa mkono mmoja kushoto kwake. Hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa hapo wakati wote, malori yote yale, anangoja kuambiwa.

Mzee Shaali akasema, sasa polepole, "Twende, mama. Tumechelewa." Wakavuka. Mbele ya msikiti, yule aliyekuwa anaadhini siku zile alimpisha bila kuombwa, na adhana ya Ijumaa ile Dama alisema aliisikia mpaka kisimani. Zuhura alikaa chini kando ya njia na buibui lake safi, akalia kwa kwikwi, akicheka. Jumamosi aliondoka peke yake. Kabla ya kupanda gari alimwekea Kaniki kipande cha samaki juu ya jani, mbali na upindo wake, akasema, "Mtunze, wewe."

Vita vikaisha, malori yakapungua, miaka ikapita. Walitembea hivyo kila siku isiyo na mvua. Lakini mbwa hazeeki kwa mwendo wetu. Mwishoni mwa miaka ile nilianza kuona macho ya Kaniki yana utando, kama maji ya mchele. Alianza kugonga mabega kwenye milango. Siku moja nilimwona amekaa njiani mahali pasipo na shimo wala mtaro, amepotea, na mzee amesimama naye anangoja.

Mimi ni mtu wa kazi. Mbwa asiyeona hawezi kumwongoza asiyeona, hilo halihitaji kufikiriwa. Nilikuwa na mbwa mwingine kijana, mahiri, nimemfunza kwa makuti kama Kaniki. Basi jioni nilikwenda barazani na kamba mkononi, nikaeleza kwa upole nilivyoweza. Nikasema Kaniki amemaliza, nitamchukua, nitamweka nyuma ya nyumba yangu, atakula vizuri, hatasumbuliwa.

Mzee Shaali alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso wake upande wangu.

"Kwa kuwa haoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wataka kumpeleka Lamu?"

Niliikunja ile kamba nikaiweka mfukoni.

Wakati wa swala ulikuwa umekaribia. Akainuka, akachukua bakora, hakuigonga. Akaanza kusema. Yule mtu aliyekataa kutoa hata nusu ya neno, sasa alisema njia nzima, bila kukoma, ili Kaniki ajue sauti iko wapi na atembee kando yake, umbali ule ule wa mkono mmoja ambao hakuusahau. Njia ile mzee aliijua kwa mguu kuliko mtu yeyote. Nilifuata nyuma yao, nikamsikia akisema, "Hapa kuna mtaro, mama. Ngoja. Haya, sasa pita."